Maneno Niliyoyapunguza

Mara ya kwanza mzee yule alipoletwa mahakamani alikuwa peku. Washtakiwa wengine walioshuka naye kwenye gari walikuwa na kandambili au viatu visivyo na kamba. Yeye alikanyaga sakafu ya baraza kwa pembeni mwa nyayo, kama mtu anayevuka shamba lenye mbigili. Nilimwona kupitia dirisha la masjala nikiwa napanga majalada ya siku. Nikasema moyoni, huyu miguu imevimba. Kisha nikaendelea kupanga majalada.

Nilikuwa karani wa mahakama, na kwa kuwa nilizaliwa kijijini upande wa Shinyanga, ambako Kiswahili tulikutana nacho darasa la kwanza, nilikuwa pia mkalimani. Mji niliofanyia kazi sitautaja. Ni mmoja wa miji iliyoota pembeni mwa barabara katika ukanda wa dhahabu, yenye maduka ya sururu na kamba, na makarasha ya kusagia mawe yanayounguruma tangu alfajiri. Mjini Kiswahili kinatosha. Lakini ukitoka nje kidogo tu unawakuta wazee, na hasa kina mama, ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu na bei. Hao wakipatwa na kesi, mdomo wao nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeapa kutafsiri kwa ukweli na uaminifu, tena nimeapa mara nyingi mno, mpaka kiapo kikawa kinatoka chenyewe.

Shtaka la mzee lilikuwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Watu walivamia karasha moja, wakamkata mlinzi panga la bega, wakaondoka na mifuko ya mawe ya dhahabu. Siku mbili baadaye baadhi ya mifuko hiyo ilikutwa kwenye mkokoteni wa mzee. Kazi yake ndiyo hiyo: alikuwa na maksai wawili, na kwa mkokoteni wao alibeba mawe kutoka kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kuyapeleka kusagwa. Alisema mtu asiyemfahamu alimkodi njiani, akapakia mifuko, akatangulia kwa pikipiki, na polisi walipotokea mtu huyo hakuonekana tena.

Siku hiyo ya kwanza nilimsomea shtaka kwa Kisukuma. Akajibu kwamba si kweli. Nikatafsiri, hakimu akaandika. Hakimu wetu alikuwa mtu mwadilifu mwenye haraka. Majalada yalikuwa yamejaa mezani mbele yake na joto la bati lilikuwa limeanza kushuka. Akauliza bila kuinua kichwa, "Ana lolote la kusema kabla hajarudishwa mahabusu?"

Mzee alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Hakumtazama hakimu. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikisema lugha yake.

"Mayu," akaanza, kama anavyoitwa mama yeyote kwetu, "waambie hawa. Walinilaza kifudifudi, wakanipiga nyayo kwa ubapa wa panga mpaka nikajinyea. Nikalala na mavi yangu siku mbili. Siku ya tatu wakanishika kidole gumba wakakibandika kwenye karatasi. Karatasi hiyo imeandikwa nini, mimi sijui."

Alisema kwa sauti ya kawaida, polepole, akiniachia nafasi baada ya kila sentensi ili nitafsiri. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele walikaa wanaume wa makarasha waliokuja kusikiliza kesi yao. Mlangoni alisimama mpelelezi aliyeshughulikia jalada lile, mikono nyuma, shati limepigwa pasi. Nilimfahamu vizuri. Tulikuwa majirani. Mkewe alikuwa akimsuka binti yangu kila Jumamosi, na asubuhi ile ile tulisalimiana barabarani, akaniuliza presha ya mama yangu inaendeleaje.

Nikafungua mdomo. Neno lile la kujinyea nililijua kwa lugha zote mbili, lakini sikuwahi kulitamka mbele ya wanaume. Na nyuma ya aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho kwa muda mrefu nilikataa kukiita jina lake, nacho ni woga.

"Mheshimiwa," nikasema, "mshtakiwa anadai kwamba kituoni hakutendewa vizuri."

Hakimu akaandika. Mzee akangoja, akidhani bado naendelea. Nilipokaa, akanitazama kidogo, halafu askari magereza akamgusa kiwiko, akashuka kizimbani kwa pembeni mwa nyayo vile vile.

Baada ya hapo akawa analetwa kila baada ya wiki mbili, kama sheria inavyotaka. Wakili wa serikali alisimama na kusema upelelezi haujakamilika, hakimu akapanga tarehe nyingine, mimi nikamwambia mzee tarehe hiyo. Kila mara nilikuwa na nafasi ya kusema, "Mheshimiwa, siku ile sikutafsiri yote." Sikusema. Nilijipa sababu. Nilijiambia kwamba atayasema mwenyewe shauri litakaposikilizwa. Kwamba hakimu si mtoto, akisikia "hakutendewa vizuri" anaelewa. Miguu yake ilipona taratibu, au niseme ilifunga. Alianza kuvaa kandambili. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa hakina ukucha.

Mkewe alikuja karibu kila tarehe, akitokea kijijini kwao upande wa Masumbwe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kanga mbili tu ambazo nilizizoea. Aliwahi kuniletea viazi vitamu kwenye kitambaa. "Wewe ndiye unayemsemea mume wangu," akaniambia. Nilivipokea viazi vile. Nikavipeleka nyumbani, vikaliwa.

Mpelelezi, naye, sikuwahi kumwona kama mtu mbaya, na hilo lazima niliseme kwa sababu ni kweli. Mjini alisifiwa. Kabla hajahamishiwa kwetu, makarasha yalikuwa yakivunjwa kila mara na walinzi wakiumizwa. Alipokuja, mambo yakatulia. Wenye makarasha walimpenda. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyeuza vipuri karibu na stendi alikuwa na desturi ya kumwita ndani anywe chai. Siku moja tukirudi nyumbani pamoja kwa miguu nilijikaza nikamuuliza.

"Yule mzee wa mkokoteni. Alipigwa?"

Hakukasirika. "Dada, wewe unadhani mwizi anakamatwa kwa kubembelezwa? Yule mlinzi hawezi kuinua mkono wake mpaka leo. Mkewe anamlisha. Nenda kamwambie huyo kwamba tulimuuliza mzee kwa adabu, akakataa, tukamwachia."

"Lakini kama si yeye?"

"Mifuko ilikuwa kwenye mkokoteni wa nani?" Akasimama kwenye kona ya kwake. "Msalimie mama. Mwambie apunguze chumvi."

Shauri lilianza kusikilizwa mzee akiwa ameshakaa mahabusu zaidi ya mwaka. Hakuwa na wakili. Mlinzi alitoa ushahidi, akaonyesha bega lake, akasema hakuziona sura za waliomkata. Halafu mpelelezi akapanda kizimbani na kuomba kutoa maelezo ya onyo ya mshtakiwa, yale yaliyoandikwa kituoni na kuwekwa dole, yawe kielelezo. Kabla hayajapokelewa nililazimika kumsomea mzee maelezo hayo kwa Kisukuma, ili aseme kama anayakubali au anayapinga.

Ndipo nilipoyasoma kwa mara ya kwanza. Yalikuwa kurasa tatu za Kiswahili safi. "Mimi kwa hiari yangu mwenyewe, bila kutishwa wala kulazimishwa na mtu yeyote, nakiri kwamba kutokana na tamaa ya mali nilishawishika kushiriki katika tukio hilo." Chini kulikuwa na alama ya dole gumba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwapo mkalimani. Mzee yule alikuwa akijua kusema shikamoo, maji, ng'ombe, na kiasi gani. Nilikuwa nimeshinda naye mahakamani mwaka mzima na sikuwahi kumsikia akiunga sentensi moja ya Kiswahili.

Nilimsomea. "Kushawishika" nilishindwa kulipatia neno la Kisukuma la haraka, nikalizungusha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo si maneno yangu," akasema. "Siku ya kwanza nilisema hapa jinsi walivyonifanya. Wewe mayu ulikuwepo. Uliwaambia."

Nikatafsiri sentensi hiyo yote, neno kwa neno. Wakili wa serikali akasimama. Alikuwa kijana msafi, mwenye sauti nzuri. "Mheshimiwa, mwenendo wa siku hiyo upo kwenye jalada. Naomba mahakama ijikumbushe. Mshtakiwa hakulalamika kupigwa. Hayo ya kupigwa ameyabuni baada ya kukaa mahabusu na wazoefu."

Hakimu akafungua jalada nyuma, akasoma kwa sauti mwandiko wake mwenyewe: "Mshtakiwa anadai kwamba kituoni hakutendewa vizuri." Akatazama juu. "Hapa hakuna kipigo." Akaahirisha hadi kesho yake asubuhi, atoe uamuzi juu ya pingamizi.

Jioni ile mama yangu alikuwa amekaa uani anachambua choroko. Alikuwa akiishi kwangu kwa ajili ya matibabu, na Kiswahili alikuwa hajui. Hospitali nilimpeleka mimi, nikamsemea mimi. Aliona uso wangu akauliza. Nikamsimulia yote, pamoja na neno lile, kwa sababu kwa Kisukuma na mbele ya mama lilitamkika.

"Na wewe ukawaambiaje?"

Nikamwambia nilivyowaambia.

Aliacha kuchambua. "Mimi nikienda kwa daktari wewe ndiye mdomo wangu. Nikisema natapika damu, utamwambia mama amechoka kidogo?"

"Mama, ukumbi ulikuwa umejaa wanaume."

"Yeye je? Yeye si mwanamume mtu mzima, aliyesema hayo mbele ya mwanamke anayeweza kuwa mwanawe? Unafikiri hakuona haya?"

Aliinuka na ungo wake akaingia ndani, na chakula hakula nami.

Asubuhi niligonga mlango wa ofisi ya hakimu kabla hajavaa koti. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Unajua unachosema? Uliapa."

"Najua, mheshimiwa."

"Ningeweza kukushtaki."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Akalivuta jalada la mzee. "Mwaka na zaidi," akasema, na sikujua kama ananiambia mimi au anajiambia mwenyewe. "Na mimi niliiona miguu yake."

Alifanya alichopaswa kufanya. Akasikiliza kesi ndogo ndani ya kesi, ya kujua kama maelezo yale yalitolewa kwa hiari. Akaita mkalimani mwingine, mwalimu mstaafu, nami nikaitwa kama shahidi wa mahakama. Nilisimama kwenye kizimba ambacho kwa miaka yote nilikuwa nikikitazama kutoka pembeni. Hakimu akaniuliza mshtakiwa alisema nini siku ya kwanza. Nikayasema yote kwa Kiswahili, mbele ya wanaume wa makarasha, mbele ya mpelelezi, kwa sauti ambayo sikuifahamu. Nilipofika kwenye neno lile, mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akanyamaza.

Wakili wa serikali alinihoji.

"Wewe ni Msukuma?"

"Ndiyo."

"Mshtakiwa ni Msukuma?"

"Ndiyo."

"Mke wake amewahi kukupa chochote?"

Nikakumbuka viazi. "Viazi vitamu," nikasema. Watu wakacheka tena, safari hii sana.

"Siku ile uliapa kutafsiri kwa ukweli. Leo umeapa tena. Tuambie basi, ulikuwa mwongo siku ile au ni mwongo leo?"

"Siku ile," nikasema.

Kilichomsaidia mzee zaidi yangu kilikuwa daftari. Mganga wa zahanati ya gereza aliitwa, akaja nalo, akasoma ukurasa wa siku aliyopokelewa: vidonda nyayo zote mbili, ukucha umeng'oka, mgonjwa hawezi kusimama. Mpelelezi alipoulizwa alisema mshtakiwa alianguka akijaribu kukimbia. Alipoulizwa maelezo aliyachukua kwa lugha gani, akasema Kiswahili. Hakimu akamgeukia mzee na kumuuliza swali moja la Kiswahili, jepesi, kijiji chake kipo mbali kiasi gani na mji. Mzee akamtazama, kisha akamtazama mwalimu mstaafu, akingoja.

Maelezo yalikataliwa. Bila maelezo hayo kesi haikuwa na miguu ya kusimamia. Mzee aliachiwa huru baada ya mwaka mmoja na miezi saba. Mwishoni mwa hukumu hakimu aliagiza nakala ipelekwe kwa wakubwa wa mpelelezi ili wachukue hatua. Barua ya kuisindikiza nakala ile niliichapa mimi mwenyewe, nikaipeleka kwa mkono, wakanisainia kwenye daftari la barua. Baada ya miezi mitatu nikachapa ya kukumbusha. Majibu hayakuja. Mpelelezi alihamishiwa wilaya nyingine, na baadaye nikasikia amepandishwa cheo. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba siku wanapakia vyombo mkewe alipita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo. Binti yangu aliniuliza sasa atasukwa na nani.

Mimi nilipewa barua ya onyo kali kwa kukiuka kiapo cha kazi, na nikaondolewa kwenye ukalimani. Sikukata rufaa. Barua hiyo ilikuwa ya haki. Lakini nimekuwa nikiitafakari: katika shauri lile lote, aliyeadhibiwa kwa maandishi ni mimi peke yangu.

Wenye makarasha walininunia. Mlinzi aliyekatwa panga alinikuta sokoni, mkono umelala ubavuni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa dada, mimi nani alinikata?" Wezi wenyewe hawakutafutwa tena.

Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kwenda kwa mzee. Nilipanda gari mpaka Masumbwe, kisha bodaboda. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya nyumba, anapukuchua mahindi kwa viganja kwa sababu kidole gumba hakikumsaidia tena. Maksai waliuzwa alipokuwa mahabusu, na mkokoteni ulikuwa umelala ubavu mmoja nyuma ya zizi tupu. Nikamwamkia, akaniitikia. Mkewe akaleta kigoda cha pili.

Nikamweleza. Nilidhani anajua tayari, kwamba siku nilipotoa ushahidi alielewa kila kitu. Kumbe mwalimu mstaafu alimfupishia, na alichoelewa ni kwamba nilisimama kumtetea. Hakuwa amejua kwamba siku ya kwanza nilimpunguzia maneno.

Aliokota gunzi moja.

"Kwa hiyo hakimu hakusikia," akasema.

"Hakusikia, baba. Sikumwambia."

"Mimi nilidhani alisikia, akaona si kitu." Akageuza gunzi. "Mwaka wote ule nilikuwa nawaambia wenzangu mahabusu: msihangaike kusema. Mimi nilisema yote, mpaka ya aibu, na yule mzee wa miwani aliandika tu akafunga daftari. Kuna mmoja alikuwa amevunjwa mbavu. Nilimwambia usijisumbue."

"Alisema?"

"Hakusema."

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alisema jua linazidi, nihamie kivulini. Nikamwambia kwamba anaweza kuandika malalamiko dhidi ya mpelelezi, kwamba mimi ninaweza kuyaandika pale pale, yote kama atakavyoyasema.

"Hapana," akasema. "Nimetoka. Wakinikumbuka je?"

"Wao walishamsahau," mkewe akasema kutoka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akipandisha sauti. "Anaamka akipiga kelele, analoanisha kitanda kama mtoto, mimi ndiye ninayefua. Nani atakumbuka, kama si sisi?"

"Nimesema hapana."

Mwanamke akaingia ndani. Mzee akarudia mahindi yake. Niliaga nikaondoka na karatasi zangu tupu kwenye mkoba. Hakuweza kunisindikiza, njia ina mawe.

Mwezi uliofuata mkewe alikuja masjala peke yake. Katekista wa kijijini alikuwa amemwandikia barua ya malalamiko, kurasa mbili, kwa kalamu ya bluu, na chini mzee alikuwa ameweka dole lake, la mkono wa kushoto. Alimbembelezaje sikuuliza. Hakuwa na sanduku la posta, akaomba majibu yapitie kwetu. Nilimpeleka mwenyewe mpaka ofisi ya mkuu wa polisi, tukagongewa muhuri wa kupokelewa.

Tangu hapo huja siku za mnada. Anaingia masjala, ananisalimia, anauliza. Jumanne iliyopita alikuja tena. Nilipekua faili la barua zilizoingia mbele yake ili aone, nikamwambia bado. Akaketi kidogo kwenye benchi la baraza, akapangusa vumbi miguuni kwa ncha ya kanga, kisha akanyanyuka kuwahi gari.